Nusu ya Juu ya Bunduki ya Norb

Wananchi wa Pellin, wa vitongoji vyake, na wa barabara zote za changarawe zinazoishia kwenye lango la mtu mmoja: mnatangaziwa rasmi ya kwamba Bwana Norbert Zastrow, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa asiye na ng'ombe, bwana ambaye hajawahi kuoa wala kuombwa aoe, amefika dukani kwa Duane Halverud mchana kweupe, ndevu amenyoa, na mbele ya mashahidi wawili na ndoo ya chambo ametamka kwamba anataka mtutu mpya wa bunduki pamoja na nusu ya juu ya kuubeba. Kanisa lijulishwe. Zimamoto wajulishwe. Mwenye neno la kupinga na aseme sasa, ingawa sisi tunajuana: hatasema, ataagiza bia.

Mahali pengine mtu akinunua mtutu, habari yenyewe ni mtutu. Hapa kaskazini mwa Wisconsin bunduki ni kama koleo la theluji. Asiye nayo ndiye anayezungumzwa. Kilichofanya jambo hili liwe habari ni kwamba Norb, kwa tulivyojua, alikuwa hana bunduki hata moja inayofanya kazi, na hakuwa nazo kwa sababu tuliokuwa nazo tulikuwa sisi. Tulikuwa tumeziazima.

Neno hilo kwetu lina maana mbili. Ukiazima msumeno, umeazima msumeno. Utaurudisha butu na hutaomba radhi. Lakini ukienda kwa mtu aliyeacha kuja baa kula samaki na wenzake kila Ijumaa jioni, mtu aliyeanza kugawa vitu vyake vizuri bila sababu, ukamwambia, "Niazime ile bunduki yako ya bata mzinga," nawe nyumbani unazo mbili, na msimu wa bata mzinga bado haujaingia, basi hujaazima bunduki. Umemwambia unaogopa asijipige nayo. Yeye anajua. Wewe unajua kwamba anajua. Anakufungulia mlango wa gari, anakusaidia kuilaza juu ya blanketi, mnazungumza habari ya barafu ziwani, unaondoka. Wanaume wa Pellin wana jina la kila aina ya matope. Kwa huzuni wana neno moja, nalo ni kuazima.

Na lina sheria zake. Mwenye mali hadai. Aliyeazima ndiye anayerudisha, siku atakapoona inafaa, na siku hiyo atasema, "Asante, ilinisaidia," na mwenye mali atajibu, "Karibu wakati wowote." Mambo yakiishia hapo, mtu amepona, na hakuna aliyelazimika kuuona uso wa mwenzake.

Desturi hii tulianza kuishika kwa makini baada ya Curt Ostby. Curt alikuwa jirani yake Rollie Kubiak, yule anayechinja na kutengeneza soseji za kulungu nyuma ya karakana yake. Vuli moja Curt alimpelekea Rollie msumeno wake wa mnyororo, mzuri, ukiwa umesafishwa na kutiwa mafuta, akasema, "Chukua, mimi sihitaji tena." Rollie akasema asante. Wiki ile ile, tukitoka kumzika Curt, tulikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri tunakula mikate ya nyama ya nguruwe na viazi vya jibini, wanaume wamesimama upande mmoja na sahani zao za karatasi, wakiambiana kwamba bunduki ya Curt ilikuwa ya thamani na haifai kuuzwa kiholela. Rollie hakula. Tangu siku ile, Rollie Kubiak akipewa kitu bure, hata pipi, humtazama mtoaji mpaka mtoaji aone haya.

Sasa, Norb. Norb alikamua ng'ombe tangu hajafikia urefu wa ndoo, kwanza wa baba yake, kisha wake mwenyewe. Kiwanda kilipoacha kuchukua maziwa ya wafugaji wadogo, malori yalikuja Februari, ng'ombe wakapakiwa asubuhi moja, nao wakapanda kwa utaratibu kuliko watu wanavyopanda chochote, kwa sababu Norb alikuwa akiwaita kwa majina. Ijumaa iliyofuata hakuja kula samaki. Ijumaa ya pili hakuja. Kisha akampa Bev, mwenye baa, kisanduku chake chote cha ndoano za kuvulia. Akampa mpwa wa mchungaji kisu chake cha kuchunia. Akampelekea Rollie jozi ya buti.

Rollie aliziangalia zile buti kama mtu aliyeletewa nyoka. Kisha akapanda gari, akaenda moja kwa moja kwa Norb, akaazima bunduki mbili kwa mpigo bila hata kutafuta kisingizio. "Nahitaji bunduki," alisema. Norb akazileta. Kwa muda wa wiki moja kila mtu alipita kwa zamu: huyu wa sungura, huyu wa bata, huyu anataka kulinganisha na ya kwake. Ofisi ya serikali haijawahi kunyang'anya silaha kwa adabu namna ile.

Wa mwisho alikuwa Duane, na Duane ndiye aliyeleta ufundi. Norb alikuwa na bunduki moja ya kisasa, zile zinazogawanyika katikati kwa kuchomoa pini mbili. Nusu ya chini ina kitako, mshikio na kifyatulio. Nusu ya juu ina mtutu na darubini. Sheria, kwa hekima yake, inasema bunduki ni ile nusu ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyochongwa namba. Nusu ya juu, yenye tundu ambalo risasi inatokea, kisheria ni chuma tu. Unaiagiza kwa posta pamoja na soksi. Duane aliazima nusu ya juu peke yake.

"Nataka kuijaribu hii darubini kwa mbweha," alisema.

"Chukua yote," alisema Norb.

"Hapana, ya chini ninayo. Hiyo ibaki."

Alipotueleza baadaye, Duane alikuwa na fahari kidogo. Alisema hakutaka kumwacha mwanamume bila bunduki ndani ya nyumba, ni aibu. Kisheria Norb bado anamiliki silaha kamili. Kwa vitendo ana mpini. Tulimpigia Duane makofi mezani. Tulidhani tumefanya kazi nzuri, na pengine tulikuwa tumefanya, na tukarudi kwenye samaki wetu.

Ndipo Septemba ikaja, na Norb na ndevu zake zilizonyolewa.

Duka la Duane mbele ni chambo, nyuma ni bunduki, na harufu ni moja. Norb alipita kwenye matangi ya samaki wadogo, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Duane."

"Norb."

Kwetu hiyo ni salamu kamili, pamoja na habari za nyumbani.

"Nataka mtutu."

"Wa nini?"

"Wa bunduki, Duane. Bomba la choo ningeenda kwa fundi bomba."

Duane akacheka kwa sauti ya mtu anayehesabu milango ya kutokea. "Kama ni ile nusu yako ya juu, mimi bado, yaani, mbweha mwaka huu ni wengi sana."

"Kaa nayo. Sijaja kwa hiyo. Risasi yake ni ndogo, inafaa mbweha. Mimi nataka ya milimita sita na nusu. Ya chini ninayo. Hiyo ulisahau kuiazima."

Rollie, aliyekuwa pale kwa ajili ya chumvi ya kuvutia kulungu, aligeuka akaanza kusoma maandishi kwenye mfuko wa chumvi. Ni maneno matatu tu, lakini aliyasoma kwa muda mrefu.

Duane alifanya kile ambacho mwanamume wa Pellin hufanya moyo ukimwenda mbio: alikimbilia kwenye vipimo. Akaitoa mitutu aliyokuwa nayo akaipanga juu ya kitambaa kama daktari wa meno. Akahubiri. Alieleza habari ya msokoto wa mifereji ya ndani, jinsi risasi ndefu na nzito inavyotaka msokoto wa haraka ili iruke imenyooka, na jinsi mwenye msokoto wa polepole atakavyopiga risasi nzito ikaenda ikiyumba kama Rollie akitoka baa. Alieleza habari ya mrija wa gesi, mfupi na mrefu, na jinsi mrefu unavyofanya teke la bunduki liwe la upole begani.

"Duane," alisema Norb, "nimeanza kupiga bunduki wewe ukiwa unaziba masikio kwenye fataki. Endelea."

"Mtutu wenyewe mrefu, au wa wastani?"

"Wastani. Kibanda changu cha kuwindia kina dirisha dogo kama kisanduku cha viatu. Mrefu utagonga kila upande, kulungu wote wa kaunti wajue nimefika."

"Mzito au mwepesi?"

"Mzito kidogo. Wa kulungu, na wa kulenga sahani za karatasi Jumapili pale kwenye shimo la kokoto. Mwepesi ukipata moto unaanza kutawanya."

"Haya. Chuma." Duane akainua mmoja unaong'aa. "Huu ni wa chuma cha pua. Unapiga shabaha kama unatia barua kwenye sanduku. Ila unaliwa upesi. Ukiupiga sana, koo lake linachakaa. Huu mwingine umepakwa kromu ndani. Si mpole sana wa shabaha, lakini hauoni kutu wala uchafu. Utadumu miaka na miaka."

Norb aliinua ule wa chuma cha pua, akachungulia ndani yake kuelekea dirishani. Rollie alisema baadaye kwamba pale hakupumua.

"Huu," alisema Norb. "Lakini huu mfano ni mfupi mno. Niagizie wa wastani, na nusu yake ya juu, na kufuli lake la kufungia risasi, la sita na nusu."

"Huo hautadumu kama wa kromu, Norb."

"Haidhuru."

Akavaa kofia akatoka.

Neno hilo, haidhuru, liliingia baa ya Bev Ijumaa jioni kabla ya samaki. Tulikuwa meza moja, Duane, Rollie na sisi wengine, brandi mbele yetu, kabichi iliyokatwakatwa, mkate wa shayiri. Rollie alikuwa na nadharia. Watu waliomwona Rollie shuleni wanasema hakuwahi kuwa na nadharia hata moja, kwa hiyo hii ilikuwa imekusanya nguvu za maisha yote.

"Mtu anayetaka kuishi," alisema Rollie, "ananunua kromu."

"Kwa nini?" alisema mmoja wetu.

"Kwa sababu unadumu. Mtu anayepanga kuwepo anataka kitu kinachodumu. Curt, mwaka ule, alipiga rangi nyumba upande mmoja tu. Tukasema mvua ndiyo iliyomzuia. Mimi nasema hivi: Duane kamwambia uso kwa uso, huu hautadumu. Yeye kasema nini?"

"Haidhuru," alisema Duane.

"Haidhuru," alisema Rollie, na akaliweka neno hilo mezani kama mtu anayeweka kipande cha ushahidi.

Tulibishana mpaka samaki wakapoa. Mmoja alisema chuma cha pua ni cha mtu makini, na mtu makini hajiui. Mwingine akasema Curt alikuwa makini kuliko sisi sote. Ikaulizwa kama msokoto aliouchagua una maana yoyote. Ikaulizwa kama uzito una maana. Wazee watu wazima, wenye wajukuu na bima, tulikaa tukisoma roho ya mwenzetu katika kipande cha bomba, kama waganga wanaotazama matumbo ya kuku, na hakuna aliyecheka.

Bev alikuja kukusanya sahani. Bev ni mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, amezika waume wawili na hajapunguza bei ya bia kwa sababu ya yeyote.

"Angeweza kuagiza kwa posta," alisema. "Kwa nini kaja kwako?"

"Posta hawamuulizi maswali," alisema Duane.

"Ndiyo maana nakuuliza. Posta hawamuulizi, yeye kawaacha posta kaja kwako. Na wewe ulimuuliza?"

"Nilimuuliza msokoto."

"Alisema mtutu ni wa nini?"

"Kulungu. Na sahani za karatasi, Jumapili."

"Kasema Jumapili?"

"Kasema."

"Mtu hajaonekana na watu tangu theluji, anakwambia atakuja Jumapili kupiga sahani na ninyi, halafu ninyi mnahesabu chuma." Akachukua sahani ya Rollie ambayo ilikuwa haijaguswa. "Mwulizeni. Kwa mdomo. Ule mnaonywea."

Tulisema ndiyo, ndiyo, Bev ana hoja. Hakuna aliyemwuliza.

Kifurushi kilifika. Mtutu wa chuma cha pua, wa wastani, umekwisha kufungwa kwenye nusu yake ya juu, umepakwa mafuta, mzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia Pellin kwa posta. Duane aliufungua, akautazama, akaufunga tena, akauweka chini ya mifuko ya chumvi. Norb akapita.

"Umefika?"

"Bado. Posta, Norb. Unawajua."

"Nawajua."

Akapita tena majani yalipoanza kudondoka. Bado. Akapita asubuhi ya umande wa barafu. Bado. Mama wa posta, aliyeuleta kwa mikono yake na kuchukua saini, alianza kumwamkia Duane kwa pua.

Jumapili moja ya Oktoba Norb alikuja kwenye shimo la kokoto. Alikuja na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, hakuwa na kingine, kwa sababu hakuwa nacho. Aliketi nyuma ya mstari akatutazama tukipiga sahani za karatasi zilizobandikwa kwenye ubao. Haikutupitia akilini kitu kimoja, na kilipotupitia tulikuwa tumechelewa: nusu ya bunduki zilizokuwa mstarini zilikuwa zake. Tulizizoea. Zilikaa makabatini mwetu tangu Machi, zikaanza kunukia nyumba zetu.

Rollie alikuwa amelala kifudifudi na ile yenye kitako cha mti wa jozi, bunduki ambayo Norb aliangushia kulungu wake wa kwanza. Akapiga. Akapiga tena. Akakwaruza kichwa.

"Inakwenda kulia kidogo," alisema Norb kutoka kwenye kiti chake.

Rollie hakugeuka. "Nimeona."

"Shusha pumzi yote kwanza. Haipendi mtu mwenye pumzi."

Rollie akashusha pumzi, akapiga katikati ya sahani. Pale pangekuwa mahali pazuri pa kusimama, kuisafisha, na kusema asante, ilinisaidia. Tuliona wote kwamba Rollie alilifikiria. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye mkanda wa bunduki. Kisha nadhani aliona msumeno wa Curt, kwa sababu aliiweka bunduki ndani ya mfuko wake, akafunga zipu, akaiweka kwenye gari lake, akasema baridi imezidi.

Norb alikunja kiti. "Mwaka jana nilipiga jike la kulungu jioni," alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Nikalipiga vibaya. Nikafuata damu mpaka kinamasi, giza likaingia, nikawa nalisikia tu. Lilikuwa linaita." Akaiweka chupa ya kahawa kwapani. "Ule mtutu ukifika, Duane, niambie."

Ijumaa hiyo hakuja kula samaki. Ni kweli hakuwa ameahidi. Lakini kiti tulikiacha wazi pasipo kuambiana, nacho kikakaa mezani jioni nzima kama mgeni asiyezungumza, na Rollie akaanza kunywa kama mtu aliyelipwa kufanya hivyo. Bev alizima taa za dirishani mapema. Alipopita kwa Duane alimpokonya glasi mkononi, ikiwa imejaa, akaimwaga kwenye sinki.

Asubuhi Duane alichomoa kifurushi chini ya chumvi, akakiweka kwenye kiti cha gari, akakifunga mkanda. Rollie alikuwa tayari amesimama barabarani akimsubiri, kijivu usoni, na ndivyo tulivyopata kuyajua haya yote, kwa maana Duane peke yake asingesimulia.

Walimkuta Norb kwenye banda la kukamulia. Banda lilikuwa safi mno. Juu ya kila kizimba bado pametundikwa kibao cheusi chenye jina kwa chaki: Ruby, Clover, Dolores, Bibi Kizito. Minyororo ya shingo imening'inia imenyooka. Norb alikuwa kwenye chumba cha maziwa, ndani ya buti za mpira, anaosha tangi kwa mpira wa maji. Tangi halijaona tone la maziwa tangu Februari. Chini palikuwa pamelowa kwa namna ya mahali panapooshwa kila asubuhi.

"Duane," alisema. "Rollie."

"Norb."

"Norb."

Maji yaliendelea kupiga chuma. Duane alisimama mlangoni na mikono mifukoni.

"Nilikuwa nafikiria ule msokoto," alisema Duane. "Kwa risasi ya uzito ule, nadhani ulichagua vizuri."

"Nadhani."

"Na mrija wa gesi. Wa katikati. Hautakuumiza bega."

"Vizuri."

"Chuma cha pua kinahitaji kusafishwa na fimbo laini. Si ile ya shaba ngumu. Watu wengi wanaharibu mdomo wa mtutu kwa fimbo."

"Najua kusafisha mtutu, Duane."

Rollie alimpiga Duane kiwiko mgongoni. Duane akaanza habari ya kufuli la sita na nusu, kwamba lina uso mpana zaidi, akafika katikati ya sentensi, akaishiwa. Tunavyomjua, huyo ni mtu anayeweza kuzungumza habari ya kufuli la bunduki mpaka wafu waombe ruhusa. Aliishiwa. Aliangalia kibao cha Dolores kupitia mlango. Kikohozi kikamtoka, kisha kikafuatwa na maneno, ya kawaida kabisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha:

"Norb, unataka kujiua?"

Hakuna mtu aliyewahi kuyatamka hayo Pellin. Rollie anasema alitazama dari akidhani kuna kitu kitaanguka. Hakikuanguka. Norb alilifuata tangi lile kwa macho mpaka pembeni kabisa, akapiga maji mahali palipokuwa safi, akapiga tena, kisha akafunga bomba. Akaukunja mpira kwa mzunguko mpana, jinsi anavyoukunja siku zote, akautundika kwenye msumari wake. Akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Februari nilitaka," alisema. "Ile bunduki ya baba hamkuiazima, iko nyuma ya tangi la maji moto. Ichukueni mkitoka. Mtutu umefika au haujafika?"